Miungu ya Roma kwenye Gunia la Mahindi

Soko la Taveta huchangamka mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Mikungu ya ndizi kutoka Mboghoni hushushwa kwenye bodaboda na mikokoteni kabla jua halijakolea, nyanya hupangwa mafungu, na wachuuzi wa upande wa Holili, Tanzania, huvuka mpaka na mizigo yao. Mtu aliyeisoma kalenda ya Warumi wa kale akifika hapo siku hizo mbili atasimama aduwae. Jumatano kwao ilikuwa siku ya Mercurius, mungu wa biashara. Kila tarehe 15 Mei wafanyabiashara wa Roma walichota maji ya chemchemi yake, wakainyunyizia bidhaa yao, wakaomba wasamehewe viapo vya uongo walivyokula wakiuza. Jumamosi ilikuwa siku ya Saturnus, ambaye Warumi walimhusisha na mbegu na mavuno, na hekaluni mwake ndimo ilimowekwa hazina ya dola. Siku mbili za soko, na kila moja ina mungu anayelifaa soko.

Ni sadfa tupu. Aliyepanga siku za soko la Taveta hakuwa na habari na Mercurius wala Saturnus. Nimeanza na sadfa hiyo kwa makusudi, kwa sababu swali la alama za miungu ya Roma katika majina na vyakula vyetu limejaa mifanano ya namna hii, na asiyeitenga na alama za kweli atatoka na hekaya badala ya historia. Nikiipima sehemu hii ya Kenya, kuanzia Voi mpaka Mboghoni, naiona miungu hiyo imepita kwenye milango mitatu: kalenda ya serikali, ofisi ya nafaka, na daftari la ubatizo. Mahali ambapo watu walikuwa na jina lao tayari, ilibaki nje.

Siku za wiki zinalithibitisha hili kwa urahisi. Mfaransa hadi leo anawataja Mars, Mercurius, Jupiter na Venus kila wiki anapotaja Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Waingereza waliweka miungu yao ya kaskazini katika nafasi hizo, wakamwacha Saturnus peke yake kwenye Jumamosi. Mswahili alihesabu: mosi, pili, tatu, nne, tano, akazisaza Alhamisi na Ijumaa kwa heshima ya hesabu na ibada ya Kiislamu. Hakuna mungu aliyepata pa kukaa. Ndiyo maana mama wa Mboghoni anayefunga safari ya sokoni Jumamosi hamtaji Saturnus, ingawa mwanawe anamtaja kila anapoiandika siku hiyo kwa Kiingereza.

Miezi ni habari nyingine. Waswahili walikuwa na miezi yao ya mwandamo, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili na kuendelea, ikihesabiwa tangu mwezi wa kufungua saumu. Lakini mishahara, kodi, kesi za mahakamani na mihula ya shule ilikuja na kalenda ya Kizungu, na kalenda hiyo haikuwa na majina mbadala. Januari akaingia kwa jina la Janus, mungu wa milango na mianzo. Machi ni ya Mars. Juni kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Juno, mke wa Jupiter, na Mei ya Maia, ijapokuwa Warumi wenyewe walibishana juu ya hiyo miwili, wengine wakisema ni miezi ya wazee na ya vijana. Julai na Agosti ni ya wanadamu wawili, Julius Caesar na Augustus, ambao baada ya kufa Warumi waliwatangaza kuwa miungu. Kuanzia Septemba mpaka Desemba Warumi nao walihesabu tu, wa saba hadi wa kumi, kwa kuwa mwaka wao wa zamani ulianzia Machi.

Machi inastahili kutuliwa kidogo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba Mars ni mungu wa vita, basi. Lakini Cato, mwandishi wa kitabu cha kilimo cha karne ya 2 KK, anaandika sala ambayo mkulima alimwelekezea Mars wakati akizunguka shamba lake na nguruwe, kondoo na ng'ombe wa kafara: amkinge na maradhi yanayoonekana na yasiyoonekana, aoteshe nafaka na mizabibu, awalinde wachungaji na mifugo. Mars huyu alikuwa mlinzi wa shamba. Machi ndiyo iliyofungua mwaka wa mkulima, na ndiyo iliyofungua pia msimu wa majeshi kwenda vitani. Katika Taita Taveta mwezi huo hubeba kazi ya kwanza bila mtu kuikumbuka: ndio mwezi wa kuandaa shamba na kusubiri masika. Na mwaka 1916 ulibeba kazi ya pili kwa ukatili. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza na Waafrika Kusini lilishindwa kwenye kilima cha Salaita. Machi likarudi chini ya Jenerali Jan Smuts, na mapigano ya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi, yakawatoa Wajerumani. Makaburi ya askari yangalipo Taveta. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa wakibeba mizigo ya vita hivyo hawana mawe ya majina kama yale, na kila nikisoma habari za kampeni ile ndilo jambo linaloniuma kuliko yote.

Mlango wa pili ni wa chakula, na hapa mhusika mkuu ni Ceres. Pita Voi, Mwatate au Taveta mjini utaona neno Cereals limeandikwa kwa rangi nzito juu ya mlango wa duka. Ndani magunia yamekunjwa midomo: mahindi ya njano na meupe, maharagwe, ndengu, kunde, mtama. Juu ya kila gunia imelala gorogoro, kopo la kupimia, na mwenye duka hulijaza mpaka nafaka ifanye kilele, kisha humwaga ndani ya mfuko kwa mkono mmoja huku mwingine ukizuia punje zisipotee sakafuni. Neno lile juu ya mlango limetokana na jina la mungu wa kike wa nafaka wa Roma. Kenya imeliweka pia kwenye jina la shirika la umma: Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, inayojulikana zaidi kwa herufi NCPB (National Cereals and Produce Board), iliundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha bodi ya mahindi na ile ya ngano. Mkulima anayelalamika redioni kuhusu bei ya gunia anamtaja Ceres bila kujua, na waziri anayemjibu anamtaja vilevile.

Kati ya alama zote, hii ndiyo iliyobeba maana yake ya kale kwa ukaribu zaidi. Hekalu la Ceres katika kilima cha Aventine, lililowekwa wakfu mwaka 493 KK, lilikuwa makao ya watu wa kawaida wa Roma, si ya mabwana. Maofisa waliohusiana na hekalu hilo walisimamia masoko na ugavi wa nafaka kwa raia. Ukiondoa kafara na ubani, kazi hiyo ndiyo tunayoidai bodi yetu: nafaka iwepo, bei isimuumize mkulima wala mlaji, ghala lisiwe tupu mwaka wa njaa. Tunapoikemea bodi kwa kuchelewa kununua mahindi, tunarudia lalamiko ambalo watu wa Aventine wangelitambua mara moja.

Lakini mazao yenyewe yangemshangaza Ceres. Yeye alikuwa mungu wa ngano na shayiri. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika pwani yetu baada ya Wareno, zaidi ya miaka elfu moja tangu mahekalu ya Roma yafungwe. Muhogo ulitoka hukohuko, na maharagwe, na nyanya. Chukua kimanga, chakula cha Wataita kinachotambulika kuliko vyote: muhogo huchemshwa na maharagwe hadi vilainike, kisha hupondwa pamoja kwa mwiko mzito mpaka vishikane. Ndani ya sufuria ile hakuna kitu kimoja ambacho Mrumi alikijua, na hakuna jina moja lililotoka kwake. Jikoni kwa Mtaita, Ceres ni mgeni kabisa. Anakaa dukani na ofisini, penye mizani, risiti na bango.

Hata hekaya yake haikai vizuri katika ardhi hii. Warumi walisimulia kwamba binti yake Proserpina alitekwa na mfalme wa kuzimu, na kwa huzuni ya mama mimea yote ikakauka. Binti aliporuhusiwa kurudi juu, alikuwa amekwisha kula punje za komamanga la kuzimu, hivyo akalazimika kukaa huko sehemu ya kila mwaka, na sehemu hiyo ndiyo ardhi inapolala. Ni simulizi ya watu wanaoona mashamba yakifa kwa majira yanayokuja bila kukosa. Upande wa Taveta maji hutoka chini, kwenye chemchemi za Njoro Kubwa na nyinginezo zinazolishwa na Kilimanjaro, na Mto Lumi hushuka kuelekea Ziwa Jipe. Palipo na mfereji, mgomba hauna msimu wa kulala. Ukipanda juu milima ya Taita au ukishuka nyika ya Voi, shida ni mvua inayokataa kuja, na mvua hiyo haina tarehe kama ya Proserpina. Kila nchi hutunga simulizi kwa taabu yake.

Jina la Ceres lina tawi jingine linaloweza kuonekana kwenye rafu za supamaketi za Kenya: sharubati ya pakiti yenye jina hilohilo. Imechukua jina la mji wa Ceres, jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini, bonde la matunda lililopewa jina la mungu huyo. Hapo ukoo ni wa kweli. Chokoleti ya Mars, iliyo karibu yake kwenye duka hilohilo, haina ukoo wowote na mungu wa Machi: Mars lilikuwa jina la familia ya Mmarekani aliyeianzisha kampuni. Na ndizi? Jina lake la kisayansi, Musa, ambalo Linnaeus aliliandika mwaka 1753, wengine hulihusisha na Antonius Musa, tabibu wa Augustus. Wanaolitoa kwenye neno la Kiarabu la ndizi, mauz, wana hoja nzito zaidi kwa maoni yangu, na kwa vyovyote tabibu si mungu. Kuna pia wanaosema kila Desemba kwamba chapati na pilau za Krismasi ni Saturnalia, sikukuu ya Saturnus iliyoanza tarehe 17 Desemba, iliyovaa kanzu ya Kikristo. Karamu na zawadi zinafanana, ni kweli. Lakini wanahistoria hawajakubaliana jinsi tarehe 25 ilivyochaguliwa, na karamu ya watu waliokutana baada ya mwaka wa kutengana haihitaji mungu wa Roma ili ieleweke.

Angani miungu hiyo ilishindwa moja kwa moja. Sayari ambazo Ulaya huziita Venus, Mars, Jupiter na Saturnus, Kiswahili huziita Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kwa kuwa mabaharia na wanajimu wa pwani walizipokea kutoka kwa Waarabu karne nyingi kabla ya shule za Kizungu. Msichana wa Mombasa anayeitwa Zuhura amebeba jina la nyota ileile ambayo Ulaya iliiita kwa jina la mungu wa mapenzi, lakini kwa njia isiyokanyaga Roma hata hatua moja.

Ardhini nako pana mfano ninaoupenda. Vulcanus alikuwa mungu wa moto, na Warumi waliamini karakana yake ya uhunzi ipo chini ya kisiwa cha Vulcano, karibu na Sisilia. Kutoka huko dunia nzima imepata neno volkano, na watoto wa Taveta hulijifunza wakiambiwa habari za Ziwa Chala, lililojaa ndani ya kreta kwenye mpaka. Ila wenyeji waliokuwa karibu na vilima vya Chyulu wakati lava ilipotiririka, karne chache tu zilizopita, hawakuwa na Vulcanus. Waliona moto ukitoka ardhini wakasema ni shetani, na uwanda wa mawe meusi ulioko Tsavo Magharibi unaitwa Shetani hadi leo. Watu wawili walio mbalimbali walikabili moto uleule wakaupa mwenyewe asiyeonekana. Jina la mmoja likawa istilahi ya sayansi, la mwingine likawa kibao cha watalii. Tofauti hiyo haikutokana na ubora wa fikra. Ilitokana na nani aliandika vitabu vya jiolojia.

Mpaka wa Taveta nao umebeba jina la mungu wa Roma pasipo watu kulitambua. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukalizunguka ziwa, ukakata Mto Lumi katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, ukapita chini ya Kilimanjaro mpaka Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilipewa jina la malkia na John Hanning Speke mwaka 1858, na malkia alibeba jina la Victoria, mungu wa kike wa ushindi, ambaye madhabahu yake ilisimama ndani ya baraza la Seneti la Roma. Mwaka 1858 hakuna Mwafrika aliyeombwa maoni juu ya jina hilo, na wala hakuombwa 1886 juu ya mstari. Kilichobaki midomoni mwa watu ni hekaya mpya, kwamba malkia huyo alimzawadia mjukuu wake Kaiza mlima Kilimanjaro, ndiyo sababu mstari umepinda. Si kweli. Mstari ulipinda kwenye meza ya mapatano, Waingereza wakibaki na Taveta na Wajerumani wakibaki na mlima.

Nimeuacha mlango wa ubatizo mwisho kwa kuwa ndio unaogusa watu wenyewe. Misheni ya Kianglikana ya CMS ilianza Sagalla, karibu na Voi, mwaka 1883 kupitia J. A. Wray. Mwaka 1892 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bura, na mwaka huohuo CMS walihamia Taveta baada ya kuondoka Moshi. Kila misheni ilikuwa na daftari la ubatizo, na katika daftari kuna safu ya jina. Mwakio au Mghanga, Wakesho au Mghoi alifika na jina lake, akatoka na jina jingine mbele yake. Jina la nyumbani lilihesabiwa kuwa la kipagani, au angalau lisilotosha. Kanuni ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliagiza waziwazi kwamba padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, yeye aliongeze la mtakatifu.

Sasa yatazame majina yaliyotolewa. Martino ni jina lililotokana na Mars; mtakatifu mwenye jina hilo, askofu wa Tours aliyefariki mwaka 397, alikuwa mtoto wa askari. Marko kwa kawaida huhusishwa na Mars vilevile. Diana ni mungu wa kike wa mawindo. Fortunata na Fortunato yana shina moja na Fortuna, mungu wa bahati, na Felista linatoka kwenye Felicitas, mungu wa heri. Viktoria tumekwisha kumwona. Apolinari ni wa Apollo, Dionisi ni wa Dionysus ambaye Warumi walimwita Bacchus, mungu wa divai. Silvano ni jina lenyewe la Silvanus, mungu wa misitu, bila kubadilishwa. Biblia haikuyaficha: Paulo aliandamana na Silwano, na Korintho alikuwako mtu aitwaye Fortunato.

Kanisa la kale liliijua shida hii. Mwaka 533 padri mmoja wa Roma alichaguliwa kuwa Papa. Jina lake lilikuwa Mercurius. Aliona haifai Papa aitwe kwa jina la mungu wa wapagani, akajiita Yohane II, na anahesabiwa kuwa Papa wa kwanza kubadili jina kwa ajili ya cheo. Lakini waumini wa kawaida waliendelea na majina yao. Kina Martino na Dionisi walifia imani au waliiishi vizuri, na maisha yao yakayasafisha majina hadi asili ikasahaulika. Utaratibu huo ninauheshimu: mtu ndiye hulitakasa jina. Ninachokilaumu ni kwamba neema hiyo iliyopewa majina ya Roma haikupewa majina ya Taita. Silvano alikaribishwa kanisani na msitu wake, wakati Wataita waliokuwa na misitu yao mitakatifu, fighi, walifundishwa kuiacha pamoja na majina ya waliowatangulia. Mghanga, jina linalomtaja mganga, lilionekana zito mno kwa maji ya ubatizo. Mars, mungu wa vita, alipita.

Wapo watakaosema wamisionari hawakuwa wakimfikiria Mars, walimfikiria askofu wa Tours. Nakubali, na ndiyo hoja yangu yote. Kwa jina la Kizungu walisikia mtakatifu, kwa jina la Kidawida, lugha ya Wataita, walisikia uganga, kwa sababu hawakuwa na mtakatifu wa Kidawida wa kumkumbuka. Historia ilikuwa fupi upande mmoja tu wa daftari.

Kanuni ilibadilika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waepuke tu jina lililo geni kwa hisia za Kikristo; haidai tena jina la mtakatifu. Hata hivyo mazoea yana nguvu kuliko kanuni, na katika parokia nyingi mzazi bado hufika na jina la Ulaya mkononi akiamini hataruhusiwa bila hilo. Mzazi wa Mboghoni au wa Bura anayetaka binti yake abatizwe kwa jina la Wakesho peke yake ana sheria upande wake, na anaweza kumwomba paroko aliandike kwenye safu ileile ambamo Diana na Fortunata waliandikwa bila kuulizwa asili yao.